Ubao wa Nne

Aprili ya Brandenburg haiweki ahadi.
Asubuhi jua, saa nne mvua ya mawe,
saa tano jua tena, kama vile hakuna aliyekosa.
Njia ya lami inakatiza mashamba ya asparaga;
matuta yamevishwa nailoni nyeusi
yanang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Nimefunga vifungo vitatu kushoto, vitatu kulia.
Magurudumu manane, laini, ya siku za mvua,
niliyouziwa na Torsten alipoacha mchezo,
baada ya kuvunjika kifundo cha mkono
palepale ninapokwenda.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.
Wahenga hawakuvaa magurudumu.

Kwanza ni sauti.
Lami kavu huguna. Lami iliyolowa hunong'ona,
ssss, kama kitunguu kikigusa mafuta,
na nyuma yangu uzi wa maji unaruka,
unanichora tope toka kiunoni hadi kisogoni.
Sisukumi kwa nguvu: mguu uliosukumwa kwa hasira
huondoka peke yake, ukakuacha
ukijadiliana na hewa.
Hatua fupi. Magoti yakunjwe. Macho mbele:
sindano za misonobari zilizolala mafungu mafungu,
mstari mweupe wa rangi (usiuguse!),
nyungunyungu waliotoka kupumua,
na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili,
nakata kona kali kumnusuru nyungunyungu mmoja.

Juu ya bomba la moshi la shule ya zamani
korongo wawili wananitazama
kama wanaomtazama mwenzao wa miguu myembamba
aliyekosea kazi.

Kilomita ya tatu ni nyumba ya Kulicke.
Kila mvua yumo uani, kila mvua kelele ileile:
"Utelezi huo! Rudi nyumbani!"
Jumanne nilimjibu.
Nilimwambia, asiye na pa kwenda
asiwafungie njia wenye magurudumu.
Nililisikia neno likitoka,
likiteleza,
na halikuwa na breki.

Leo uani hayupo.
Lango wazi, kuku wawili wamesimama njiani.
Nikafurahi, kusema kweli.
Nikapita nimeinamisha kichwa, hata hivyo,
kama mtu anayedaiwa.

Kisha misonobari, kisha giza la kijani,
kisha daraja la mbao juu ya mfereji,
lenye ukungu wa majani ambao kila Machi
hujipaka upya kama siagi.
Nikainua ncha ya kiatu, breki ikalia,
ikateleza, ikashika.
Nikasimama majanini, moyo ukiwa bado unakwenda.

Kulicke alikuwa amepiga magoti darajani,
brashi ya waya mkononi,
anasugua ubao kama sufuria iliyounguza wali.
Suruali imelowa hadi mapajani.
Ndoo. Kikwangulio. Chupa ya chai isiyofunguliwa.
Na nilikumbuka, mmoja mmoja, kila mwaka
niliovuka hapa na kujisifu
kwamba nina mizani nzuri.

"Wiebke," akasema, bila kuinua uso
(sikujua kama analijua jina langu),
"ubao wa nne bado."

Nikakaa kwenye majani mabichi,
nikazivua kinga zangu za magoti, nikamnyoshea.
Alizipokea kama mtu aliyekabidhiwa samaki hai.
Akazivaa juu chini. Nikamgeuzia.
La Jumanne sikulisema, wala yeye.
Brashi ikaendelea.

Nilivuka kwa soksi, viatu begani:
wa kwanza, wa pili, wa tatu,
mikwaruzo mipya yenye rangi ya mkate.
Wa nne nikauruka.

Ng'ambo nikafunga vifungo, mvua ikaanza upya.
Kilomita kumi na moja mbele, magoti wazi.
Nikasukuma polepole, hatua fupi,
nikiwa sina tena haki ya kuanguka.